Dashibodi Niliyoichelewesha

Wenzangu mliobaki karakana, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, lakini hamkufikiri. Mtu aliyefungua na kufunga geji za ndege kwa miaka thelathini na saba mnampa saa ili aitazame tu? Niliitundika Ijumaa, Jumatatu nikaishusha na kuifungua. Ilikuwa inakimbia dakika mbili kwa siku. Sasa haikimbii, na mimi sina la kufanya.

Kukaa bure kunanitesa. Wiki za mwanzo za kustaafu nilikuwa nikisali alfajiri, nikifagia, nikienda Darajani kununua mkate nisiouhitaji, nikirudi nyumbani Mlandege, nikipanda ngazi, nikishuka, nikienda tena. Muuza mkate alidhani nina wageni kutoka Pemba. Mwishowe mmoja wenu, sitamtaja, akaniambia, "Bi Salma, si uandike tu mambo ya kazi, sie tutasoma." Basi naandika. Vyeo na mishahara viko kwenye mafaili na vinachosha huko huko. Nataka kuwaeleza habari ya dashibodi moja, ambayo hata haikuwa ya kazini kwetu, na ambayo karibu imtoe mtu roho kwa mkono wangu. Lakini siwezi kuieleza bila kuanza nilikoanzia.

Nilianza na saa za mkono. Ami yangu alikuwa na meza ya kutengeneza saa chini ya ngazi za duka la vitambaa, hapo hapo Mlandege, nami nilikuwa na macho makali na vidole vyembamba. Waliposikia uwanja wa ndege unatafuta mtu wa kufunga skrubu ndogo za geji, ami akanipeleka mwenyewe, akawaambia, "Huyu hapotezi skrubu." Ilikuwa kweli, na ndiyo barua pekee ya sifa niliyowahi kuwa nayo.

Siku ya kwanza nilivaa ovaroli la mwanamume mnene, na juu yake nikajifunga kanga, maana sikujua nitatembeaje mbele za watu na suruali. Nikakabidhiwa kwa Fundi Leonard. Alikuwa mtu wa Bara, mfupi, Mkristo, mpole mpaka unakereka. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinywa chai yake nyuma ya mapipa ya mafuta machafu, akiamini kwamba hatumwoni, na sisi tulijitahidi sana kutomwona. Hakunipa bisibisi. Alinipandisha kwenye kiti cha rubani, akanifunga kitambaa machoni, akasema, "Nigusie altimita, geji ya kimo." Nikagusa. "Hiyo ni redio. Abiria wako wameshakufa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Tulicheza mchezo huo wiki mbili. Nilimchukia. Nilimuuliza mtu wa geji anafungwa macho kwa nini, na kazi yake yote ni macho. Akaniambia kwamba rubani aliyeingiwa na hofu hatafuti kitu kwa macho, hupapasa. Pengine kuna moshi, pengine jua liko usoni, pengine macho yameganda kwenye mshale mmoja. Wakati huo mkono ndio unaokwenda, na mkono unakwenda pale ulipozoea. Tangu hapo sikufunga geji wala swichi yoyote bila kukaa kwenye kiti chake na kufumba macho. Wengi wenu mlinicheka. Mlidhani nasinzia.

Nilikuwa na vifaa vitatu nisivyomwazima mtu. Kimoja ni bisibisi ya ami, yenye kichwa kinachozunguka. Cha pili ni brashi ya kupakia wanja, inayotoa vumbi kwenye meno ya gurudumu dogo bila kulikwaruza. Cha tatu ni kile kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mkono mrefu. Nilikiomba siku niliyong'olewa gego, mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, na nadhani daktari alinipa kwa sababu hakuelewa nasema nini. Kwa kioo hicho nimeona migongo ya geji ambayo waliozitengeneza hawakutarajia mtu aione tena.

Mnataka kesi ngumu. Nitawapa moja tu. Siku moja baada ya Idi, ndege ndogo ya abiria ilikimbia kwenye barabara ya kurukia na mshale wa mwendo haukutikisika. Rubani akakanyaga breki, akarudi. Tulitoa geji, tukaipima mezani, nzima. Tukapima mipira yake ya upepo, mizima. Siku mbili Fundi Leonard na mimi tulizunguka ndege ile tukiwa hatusemezani. Siku ya tatu nikaingiza kioo cha meno chini ya bawa, kwenye ule mrija mwembamba unaoingiza upepo wa kusukuma mshale wa mwendo, nikaona udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba. Lakini mrija ule huvalishwa kifuniko cha kitambaa chekundu kila ndege inapolala. Kifuniko kilikwenda wapi? Tukauliza. Mama wa usafi akaja mbio na mfuko mkononi, uso unamng'ara. Alikuwa ameona vitambaa vyetu vichafu mno, na Idi inaingia, akavichukua vyote nyumbani, akavifua, akavitia wanga, akavipiga pasi, akavifukiza udi. Fundi Leonard alivinusa kimoja kimoja, akasema ndege hii haijawahi kuvaa vizuri namna hii. Hatukuweza kumgombeza. Tulishona seti ya pili, na kila Idi tukawa tunampa moja afue.

Miaka ikaenda. Fundi Leonard akarudi kwao, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikawa yule mtu anayefunga wengine vitambaa machoni. Kisha nikatimiza sitini, mkanipa saa.

Mwezi wa nne wa kukaa nyumbani, akaja Harith. Wengi mnamjua kwa boti zake za faiba. Asili yake Matemwe, lakini banda lake la kazi liko Chukwani, na mji mzima ulikuwa ukimcheka kwa sababu mle ndani alikuwa akijenga ndege. Si ya maonyesho. Ndege ya kuruka, ya kiti kimoja, iliyokuja kwa vipande kwenye maboksi, naye ameshapata leseni ya urubani mdogo huko Bara.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Umekuja kwa boti au kwa ndege?"

"Ndege. Nshamaliza mwili, mbawa na mkia. Mbele ya rubani ndipo palonishinda. Pako wazi."

"Wazi vipi?"

"Wazi wazi. Waloniuzia wanasema kila mtu apange dashibodi yake apendavyo."

Nilikubali kabla chai yake haijapoa. Lazima mnielewe. Miaka yote ile nilitengeneza dashibodi zilizochorwa na watu nisiowajua, nikiwalaani. Huyu kaficha taa nyuma ya usukani, yule kaweka skrubu mahali asipofika ila mtoto mchanga. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza, wewe Salma ungeiweka wapi? Sasa nimeulizwa, na nimeulizwa na mtu atakayekaa mbele yake akiwa hewani.

Tulianza na boksi la tende. Nililikata kwa kipimo cha dashibodi, nikakata viduara vya karatasi ngumu, kila kimoja na jina lake, nikavibandika kwa pini. Mwendo kushoto juu, kimo kulia juu, dira katikati mbali na spika ya redio, maana sumaku ya spika huipotosha. Joto la injini mahali ambapo jua la saa saba halitalifuta kwa mwako wake. Nikikaa kwenye kile kiti kitupu nikifumba macho, nikinyoosha mkono, nikihamisha pini. Harith naye akikaa, akifumba, akinyoosha. Nilirudi kuwa mtu. Nilikuwa napanda gari la Chukwani asubuhi kabla maduka ya Mlandege hayajafunguliwa.

Mkewe Harith anaitwa Raya, mwalimu wa hesabu skuli ya msingi, mwanamke wa maneno ya kuhesabika. Alikuwa akituletea chakula kwenye hotipoti, akikiweka, akiondoka. Siku moja Harith alikwenda mjini kutafuta boliti, na Raya hakuondoka.

"Bi Salma, mie sina ugomvi na ndege," akasema. "Nna ugomvi na fundi wake. Harith kila kitu chake cha kwanza huvuja. Boti yake ya kwanza ya mbao ilivuja. Ya kwanza ya faiba ilivuja. Ile ya kwanza yenye kioo chini ilivuja na watalii wamo ndani wanapiga picha. Ikishavuja ndo hujua kosa lake, na ya pili huwa nzuri, sisemi uongo. Lakini boti ikivuja mtu huogelea."

Akasogeza hotipoti pembeni.

"Na hii ndo ndege yake ya kwanza. Sikuombi uiharibu. Nakuomba uchelewe tu. Kila kitu kishakwisha, umebaki weye. Ukichelewa mwaka, pengine atachoka, atarudi kwenye boti zake."

Ningepaswa kumwambia kwamba fundi hafanyi kazi hivyo. Sikumwambia. Nilisema, "Nitaona." Na msidhani ni huruma peke yake. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuiogopa siku ya kumaliza ile dashibodi, siku nitakaporudi kwenye ngazi zangu na mkate wangu. Raya aliniomba nifanye kile ambacho nafsi yangu ilikuwa inakitafutia kisingizio.

Basi nikachelewa, na nikaona kwamba nina kipaji. Nilihamisha dira mara tatu. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake, lakini hakuna hata moja iliyostahili mwezi. Rangi nyeusi ilikuwa inang'aa mno, nikaagiza isiyong'aa. Herufi nilizochonga zilikuwa nene, nikazifanya nyembamba. Nikasubiri raba za kuzuia mtikisiko, zikaja, nikasema ni laini. Harith alikuwa akisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Bi Salma," nami nikimjibu, "Haraka haraka haina baraka," na hakuna methali niliyowahi kuitumia vibaya kama hiyo.

Miezi saba. Lakini alumini nayo ina mwisho wake wa kukatwa. Dashibodi ikakamilika licha ya mimi, na niseme kweli, ilikuwa nzuri. Maneno yote kwa Kiswahili, nimeyachonga mwenyewe kwa mkono: Mwendo, Kimo, Dira, Joto, Mafuta. Kwenye pembe ya kulia, chini, nilikusanya mambo yote ya mafuta pamoja: geji mbili za matangi, na katikati yake koki, ile bomba ya kuzungusha inayobadilisha mafuta yatoke bawa la kushoto au bawa la kulia. Injini ile hunywa tangi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo rubani huizungusha kila nusu saa ili bawa moja lisiwe zito kuliko jingine, na akisahau, injini inazima. Kwa kuwa ni kitu kikubwa hivyo, niliizungushia nakshi ndogo ya maua ya yasmini. Mkaguzi kutoka Bara akapangiwa kuja Alhamisi. Sikuwa na kisingizio tena, na Raya alikuwa akiniangalia kama vile nimeazima kitu chake nikakivunja.

Jumapili kabla ya mkaguzi tulikwenda Matemwe, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake Harith. Akina mama tulikaa sita kwa sinia la biriani, Raya ubavuni mwangu. Msichana mmoja, haraka zimemzidi, akapita anaweka gilasi za maji, kila mtu gilasi yake kulia. Tukala. Raya akabanwa na pilipili, akataka maji. Mkono wa kulia umejaa wali na mafuta, kwa hiyo akapitisha wa kushoto mbele ya kifua chake, akajikunja, kiwiko kikampiga mwenzake, gilasi ikaanguka na maji yote yakaingia kwenye sinia.

"Ala! Nani kaweka maji kulia?" Raya akasema. "Mkono wa kulia una kazi!"

Wanawake wakacheka. Mimi tonge lilibaki njiani.

Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Kupokea kwa shoto ni adabu mbaya, kutoa kwa shoto ni matusi. Nilipokuwa mdogo nilipigwa kofi mkononi kwa kumpa mgeni sahani kwa kushoto. Kila kilicho cha heshima kinakwenda kulia. Na ndege zote za karakana yetu zilinikubalia: rubani hushika usukani kwa kushoto, na kulia ndiko kuliko na kazi zote. Basi nilipopanga dashibodi yangu ya kwanza, kitu kikubwa kuliko vyote mkono wangu wenyewe ulikipeleka kulia, na sikujiuliza. Lakini ndege ya Harith haina usukani ule. Ina fimbo katikati ya miguu, inayoshikwa kwa mkono wa kulia, na wenzo wa kuongeza moto wa injini uko ukutani kushoto. Mkono wa kulia haubanduki kwenye fimbo. Una kazi.

Na kufumba macho kwangu kote? Tulifumba tukiwa kwenye kiti kisicho na fimbo. Harith aliing'oa mapema kwa ajili ya rangi, ikabaki kwenye msumari ukutani miezi yote ile, kwa sababu ilikuwa inatuzuia kufikia dashibodi. Mara mia tumenyoosha mkono wa kulia, mara mia tumeigusa koki barabara. Tukajipongeza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Chukwani kabla Harith hajafungua banda.

"Koki ihame," nikamwambia. "Iende kushoto."

Alikuwa ameshika brashi. Akaiweka chini polepole.

"Leo Jumatatu. Mkaguzi Alkhamisi."

"Najua."

"Dira tushahamisha mara tatu. Rangi mara mbili. Herufi zilikuwa nene, zikawa nyembamba. Raba zilikuwa laini. Leo koki." Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Bi Salma, nakuheshimu kama mamangu. Lakini mara hii, hapana. Mkaguzi akirudi Bara hatumuoni tena mpaka masika yeshe."

"Mara hii ni kweli, Harith."

"Na zile nyengine?"

Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa imenifikisha kwenye banda lile, mbele ya mtu niliyemzoesha kutoniamini, nikiwa na neno moja la kweli ambalo roho yake inalitegemea. Mkaguzi hangenisaidia. Karatasi yake inauliza kama koki inafikika rubani akiwa amefunga mkanda. Inafikika. Haiulizi kwa mkono gani.

"Nipe robo saa," nikasema. "Funga fimbo, ukae, ujifunge mkanda. Baada ya hapo ukinambia niondoke, naondoka na sirudi."

Aliifunga kwa hasira, akakaa. Nikavua mtandio wangu wa juu, nikamfunga machoni. Nikamwambia ashike fimbo kwa kulia na wenzo kwa kushoto, kama yuko hewani, na asiiachie fimbo hata iweje. Nikasimama pembeni nikamngojea atulie. Kisha nikapiga kelele, "Tangi la kushoto limekauka! Injini inazima! Badilisha!"

Mkono wake wa kushoto uliacha wenzo, ukapita mbele ya kifua, ukatafuta. Ulikuwa mfupi. Akajikunja, bega likaingia ndani, akanyoosha, mwisho akaishika koki na kuizungusha. "Nshabadilisha," akasema, na kulikuwa na ushindi kwenye sauti yake.

"Usitikisike hata kidogo. Vua kitambaa kwa kushoto, utazame bawa lako."

Akavua, akatazama. Kile kipande cha nyuma ya bawa la kulia, kinachoilaza ndege ubavu, kilikuwa kimesimama wima juu mpaka mwisho wake. Alipojikunja kutafuta koki, mkono wa kulia ulilifuata bega, na fimbo ikafuata mkono. Angekuwa hewani, ndege ingekuwa imelala na inaendelea kupinduka, injini kimya, na yeye anafurahi kwamba ameshabadilisha tangi.

Akairudisha fimbo katikati, akailaza tena, macho yako kwenye bawa.

"Inna lillahi," akasema.

Kisha, "Alkhamisi tutawahi?"

Tuliwahi. Tulikata bati jipya, maana tundu la kulia lisingezibika kwa kiraka. Nilipiga matundu ya geji, nikayapiga tupa, nikapaka rangi ile ile niliyosema inang'aa. Koki nikaiweka kushoto chini, inchi chache tu kutoka kwenye wenzo, ili mkono wa kushoto uanguke juu yake wenyewe. Harith alikuwa akipitisha mipira ya mafuta upande wa pili. Hapakuwa na wakati wa kuchonga. Majina niliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta nyeupe, nikayabandika. Ile nzuri niliiegemeza ukutani, na kila nikigeuka nilikuwa naiona. Iliniuma, siwafichi. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukitengeneza nikakiita changu. Jumatano alasiri tukafunga mkanda, kitambaa machoni, fimbo mkononi. Mara kumi akabadilisha tangi, mara kumi bawa halikutikisika.

Akavua kitambaa, akaniangalia.

"Siku mbili na kitu," akasema. "Miezi saba tumekaa hapa, na dashibodi nzima umeimaliza kwa siku mbili na kitu."

"Ndiyo."

"Nlijiona mjinga, Bi Salma. Kila siku nlikuwa nkienda nyumbani nkisema, kazi hii imezidi akili yangu. Nani alokutuma unicheleweshe?"

"Hakuna," nikasema. "Niliogopa kumaliza." Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ile ilikuwa yangu kuisema.

Akatazama hotipoti ya mkewe iliyokuwa juu ya meza, akaanza kukusanya vyuma vyake. Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona kazini, na kazini nimewahi kuangusha geji ya mtu kutoka juu ya ngazi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Raya. Nilimkuta anasahihisha madaftari.

"Nimemaliza," nikamwambia.

"Ulinambia utaona."

"Nilikwambia vibaya." Nikamweleza koki, kitambaa, kile kipande cha bawa kilichosimama. Nikamweleza kwamba gilasi yake ya Matemwe ndiyo iliyonifungua macho. Alisikiliza kalamu nyekundu iko mkononi.

"Na ungelichelewa mwaka mzima," akauliza, "kosa hilo lingeondoka?"

"Lingebaki pale pale linamngoja."

Akafunga daftari. "Atatia mafuta ya muda gani siku ya kwanza?"

"Kidogo, ndege iwe nyepesi. Kila tangi dakika arubaini."

"Ataanza na la kushoto?"

"La kushoto."

Akarudi kwenye madaftari yake, wala hakunikaribisha chai.

Mkaguzi alikuja, akapima, akagonga, akatia saini. Aliuliza jambo moja tu kuhusu dashibodi, kwa nini imeandikwa kwa mkono. Harith akamwambia ndiyo mtindo wa hapa.

Jumamosi asubuhi ndege kubwa zilikuwa bado hazijaanza kuingia, na Harith alipewa muda wa saa moja azunguke juu ya uwanja. Raya alikuja na buibui lake na saa ya mkono, akasimama mbali nami. Injini ikawaka, Raya akatazama saa. Ndege ikakimbia, ikawa nyepesi, ikaondoka. Mimi nilikuwa natembea, hatua kumi huku, hatua kumi kule. Baada ya robo saa nikamsikia Raya, "Hebu simama, Bi Salma, unantia kizunguzungu." Nikaenda nikasimama ubavuni mwake.

Harith alikuwa juu, mdogo, akizunguka kati ya Chukwani na uwanja. Kisha akaingia kwenye jua na hatukuweza kumtazama tena, tukabaki na sauti.

"Thelathini," Raya akasema.

Sauti ilikuwa vile vile. Haikuwa na maana yoyote bado. Tangi lilikuwa na dakika kumi zaidi, awe amekumbuka au hakukumbuka.

"Thelathini na sita." Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo wangu masikioni, na nikayakasirikia kwa kunizuia kusikia injini. "Thelathini na tisa." Raya, aliyekuwa akisoma dua chini kwa chini, aliacha, au aliendelea bila sauti, sijui. "Arubaini."

Injini ikaendelea. Nikamwambia matangi hayana adabu, yanaweza kuzidi dakika moja au mbili. Arubaini na moja. Arubaini na mbili. Ndege ikatoka kwenye jua ikiwa imenyooka, mbawa sawa, sauti ile ile.

"Arubaini na tatu," Raya akasema. "Kabadilisha."

Akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza, na hakuniachia mpaka magurudumu yalipogusa chini. Kisha akaniachia, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akaenda kumgombeza mumewe.